Kiapo na Mgonjwa: Maadili ya Waganga na Wauguzi katika Pwani ya Kusini



Sherehe ya miaka mia moja ina desturi ya kuhesabu. Huhesabiwa waliobatizwa, waliobarikiwa, kuta zilizojengwa na mabati yaliyong'olewa na upepo. Lakini kila usharika una hesabu nyingine ambayo haimo katika daftari la ubatizo, nayo ni hesabu ya waliotibiwa, waliozalishwa na waliofumbwa macho na mikono ya watu waliokula kiapo. Hotuba hii inahusu kiapo hicho na watu wanaokishika, na vilevile inawahusu wale ambao kiapo hicho kiliwekwa kwa ajili yao.

Inafaa kuanza na maneno yenyewe. Neno mganga lilikuwapo pwani hii kabla ya hospitali ya kwanza kuezekwa. Serikali ililitwaa neno hilo na kulivika koti jeupe, ndiyo maana hata leo mkoa una Mganga Mkuu na kituo kina Mganga Mfawidhi, na mzee anayepiga ramli chini ya mkorosho naye anaitwa mganga. Baadhi ya wasomi huona haya kuchangia jina na mpiga ramli. Hawana sababu ya kuona haya. Watu walimpa mganga wa zamani vitu viwili, imani na hofu, na daktari alipokuja alirithi vyote viwili bila kuvifanyia kazi. Kwa upande wake, neno muuguzi lilitoka nyumbani. Kuuguza ni kazi ya mama, ya shangazi na ya dada mkubwa: kukaa na mgonjwa, kumgeuza, kumnywesha uji, kukesha naye. Haikuwa na mshahara. Kwa hiyo mwanamke aliyeajiriwa kwa jina la muuguzi anapomjibu mgonjwa kwa kejeli, mgonjwa huona ametukanwa na mtumishi wa serikali, na tena ametukanwa na shangazi yake. Maumivu yake ni ya namna mbili.

Mtu wa kwanza mwenye elimu ya udaktari wa Ulaya anayekumbukwa sana katika pwani hii alipita tu. David Livingstone alishuka katika ghuba ya Mikindani mwaka 1866, akaelekea Mto Ruvuma, mto ambao mlango wake alikwisha kuuona miaka michache nyuma akiwa pamoja na daktari mwenzake, John Kirk. Vitabu vya shule humsifu kwa kutembea, na ni mara chache kukumbushwa kwamba alikuwa na cheti cha udaktari. Januari 1867, akiwa ndani kabisa ya bara, watu wawili wa msafara walitoroka, na sanduku la dawa likaenda nao. Kwa muda mrefu tangu siku hiyo daktari alikuwa mgonjwa asiye na dawa, akitegemea huruma ya watu aliowakuta njiani; alifariki mwaka 1873. Ni vema waganga wakakumbuka kisa hicho, kwa kuwa hakuna mwenye taaluma hii ambaye hatalala siku moja kitandani akingoja mtu mwingine amtendee kama yeye alivyowatendea wengine.

Aliyekaa ni Leader Stirling. Alikuja mwaka 1935 kutoka Uingereza akiwa daktari wa upasuaji, chini ya Misheni ya Vyuo Vikuu, katika eneo la Masasi. Huko Lulindi kazi ilianzia katika majengo ya miti, udongo na nyasi, na humo humo watu walipasuliwa na vijana wa kienyeji wakafundishwa uuguzi. Mwaka 1949, baada ya kujiunga na Kanisa Katoliki, alihamia Mnero. Baadaye akawa Mbunge, akawa raia wa nchi huru, na kuanzia 1975 hadi 1980 akawa Waziri wa Afya. Walutheri hawapaswi kuona shida kumtaja mtu aliyetumika kwa Waanglikana na kisha kwa Wakatoliki, kwa sababu mgonjwa wa ngiri hapimwi kwa katekisimu.

Jambo la kutafakari katika maisha ya Stirling si ujasiri wake pekee. Katika miaka hiyo ya Lulindi hapakuwa na mkaguzi wa karibu, wala mwandishi wa habari, wala simu. Kama kisu kingeteleza, nani angejua? Mgonjwa alikuwa amelazwa usingizi, ndugu zake walikuwa nje wakipika, na ripoti ingeandikwa na daktari mwenyewe. Hali hiyo haijaisha. Tabibu wa zahanati ya kijijini kando ya Ruvuma, wakati wa masika barabara inapokuwa tope, yuko peke yake na mgonjwa wake kama Stirling alivyokuwa. Hapo ndipo taaluma hupimwa, mahali ambapo anayeweza kushuhudia kosa amelala.

Stirling akiwa Waziri, Bunge lilipitisha sheria ya mwaka 1977 iliyopiga marufuku uganga binafsi wa kujipatia faida. Hospitali za mashirika ya dini ziliachwa ziendelee. Nia ya sheria hiyo ilikuwa njema, yaani maradhi ya maskini yasigeuke kuwa duka la mtu. Mwaka 1991 mlango ulifunguliwa tena, na mwaka 1993 wananchi wakaanza kuchangia gharama hata katika hospitali za umma. Lakini sheria ya 1977 ilikuwa imekisia kwamba dhambi inakaa katika leseni ya biashara. Rushwa haikuomba leseni. Iliingia katika hospitali za umma kwa miguu yake, na Tume ya Jaji Joseph Warioba, katika taarifa yake ya mwaka 1996, iliitaja sekta ya afya miongoni mwa mahali ambapo mwananchi wa kawaida huombwa kitu kidogo.

Mji wa Mtwara una kumbukumbu nyingine ambayo vijana wengi hawajaisikia. Wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, vilivyoanza mwaka 1964, FRELIMO walikuwa na hospitali yao hapa mjini. Iliitwa kwa jina la Américo Boavida, daktari wa Angola aliyeuawa mwaka 1968 akiwa na wapiganaji wa nchi yake. Majeruhi walivushwa Ruvuma na kuletwa humo. Kiongozi wao mkuu wa baadaye, Samora Machel, kabla ya kushika bunduki alikuwa muuguzi. Mto huo haujaacha kuleta watu wenye majeraha na hofu. Tangu machafuko ya Cabo Delgado yalipoanza mwaka 2017, na hasa baada ya kijiji cha Kitaya kushambuliwa Oktoba 2020, wakazi wa ukingo huu wamejua tena maana ya kukimbia usiku. Muuguzi anayepokea mtu wa namna hiyo hujaribiwa kuuliza kwanza anatoka upande gani. Vyombo vya usalama vina haki ya kuuliza. Muuguzi ana swali la kutangulia: anavuja damu wapi? Msamaria wa Injili alimwaga mafuta na divai, akalipa dinari mbili, na hakuna mahali imeandikwa kwamba aliuliza kabila la aliyelala njiani.

Mtu asidhani kwamba elimu peke yake inatosha kuyalinda mambo haya. Baada ya Vita Kuu ya Pili, katika mji wa Nuremberg, washtakiwa 23, wengi wao madaktari, walifikishwa mahakamani kwa majaribio ya kikatili juu ya wafungwa, na 7 wakanyongwa. Walikuwa wamesoma katika vyuo bora vya dunia. Walitoka katika nchi ile ile iliyoleta huku wamisionari na masanduku ya dawa, na Walutheri wana wajibu wa kulisema hilo bila kupepesa macho. Mwaka mmoja baada ya hukumu hiyo, yaani 1948, Chama cha Madaktari cha Dunia kilitunga kiapo kipya huko Geneva ili kile cha kale cha Hipokrate kipewe lugha ya karne ya ishirini.

Lakini mifano ya mbali huweza kumfariji msikilizaji isivyofaa, akasema kwamba hayo ni ya wauaji. Makosa mengi ya hospitali hayafanywi na wauaji. Hufanywa na watu wema waliochoka.

Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, walikuwamo wagonjwa wawili waliobatizwa kwa jina moja, Emmanuel. Mmoja alikuwa na tatizo la kichwa, mwingine la goti. Mwenye goti alipasuliwa kichwa, na mwenye kichwa alipasuliwa goti. Aliyekuwa akingoja kutibiwa kichwa alifariki dunia baadaye mwezi ule ule. Mwenzake alipelekwa India kwa matibabu. Nchi nzima ilishtuka, na hata leo ukitaja jina hilo moja tu katika wodi, wauguzi wa umri fulani hunyamaza.

Kisa hiki kinastahili kukaliwa kwa muda, maana kinafundisha zaidi ya vitabu vingi vya maadili. Hapakuwa na chuki. Hapakuwa na rushwa. Kila mmoja katika mnyororo ule alikuwa amefanya kazi ndogo aliyozoea: kuita jina, kusukuma kitanda, kupokea jalada, kuchoma dawa ya usingizi, kunyoa nywele, kushika kisu. Kila mmoja alidhani aliyetangulia amekwisha kuhakikisha. Kati ya wodi na meza ya upasuaji kuna milango kadhaa, na katika kila mlango swali moja lingetosha: jina lako kamili ni nani, na umekuja kutibiwa nini? Swali hilo halihitaji mashine wala fedha za wafadhili. Linahitaji mtu amtazame mgonjwa usoni kabla ya kutazama karatasi.

Wapo watakaosema hilo lilikuwa la miaka ile. Mapema mwaka 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi, mgonjwa alifunguliwa fuvu la kichwa kutafuta damu iliyoganda ambayo haikuwamo, kwa kuwa utambulisho wake ulikuwa umechanganywa na wa mwenzake. Madaktari waligundua kosa upasuaji ukiwa umeendelea kwa saa kadhaa. Uongozi uliwasimamisha kazi baadhi ya watumishi, na madaktari wenzao wakagoma wakidai kwamba wanyonge wanabebeshwa kosa la mfumo mzima. Pande zote mbili zilikuwa na sehemu ya ukweli. Mfumo mbovu huzaa makosa. Lakini mfumo haushiki kisu, hushikwa na mtu.

Sasa fikirini majina ya pwani hii. Katika wodi moja ya Ligula asubuhi moja wanaweza kuwamo akina Asha watatu, Hamisi wanne, na katika vitanda vya Wakristo akina Yohana na Maria wasiohesabika. Mwanamke wa Msimbati huandikishwa kwa jina la baba yake, ndugu wakamjua kwa jina la unyago, na jirani kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Akiitwa kwa sauti ya haraka mlangoni, huitika jina lolote linalofanana na lake, kwa sababu anaogopa kupoteza zamu. Kwa hiyo anayemwita asitosheke na itiko. Mchungaji anapobatiza huuliza jina la mtoto mbele ya usharika wote hata kama analo kwenye karatasi. Kwa nini chumba cha upasuaji kiwe na uangalifu mdogo kuliko birika la ubatizo?

Jambo la pili linalowaumiza wananchi ni leba. Hapa hapana haja ya kutaja hospitali wala kituo, kwa kuwa kila mama aliyeketi katika kanisa hili ana habari yake mwenyewe, njema au mbaya. Sera ya Taifa inawasamehe ada wajawazito na watoto walio chini ya miaka mitano katika vituo vya umma. Hata hivyo mama huambiwa aje na glavu, pamba, wembe, uzi wa kufungia kitovu, na kanga safi. Pengine huambiwa hivyo kwa sababu ghala ni tupu kweli, na muuguzi anayesema kweli juu ya ghala tupu hastahili lawama. Hata anayetoa fedha yake mwenyewe mfukoni kununua glavu yupo, na hajulikani ila kwa Mungu na muuza duka la dawa. Lakini upungufu wa glavu hauelezi tusi. Hakuna bajeti iliyopungua ikamlazimisha mtu kumwambia mama mwenye uchungu maneno yanayohusu usiku aliopata mimba. Hakuna uhaba wa watumishi unaomlazimisha yeyote kumpiga kibao binti wa miaka kumi na saba anayezaa kwa mara ya kwanza. Mambo haya mawili yamechanganywa kwa muda mrefu mno: watumishi wanapoambiwa juu ya lugha hujibu juu ya vifaa, na wakubwa wanapoambiwa juu ya vifaa hujibu juu ya lugha. Kila upande umejificha nyuma ya kosa la mwenzake, na mama amebaki katikati.

Ni haki pia kusema kwamba kwa miaka mingi mkoa huu ulihesabiwa kuwa adhabu. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa katika Mto Rufiji mwaka 2003, mtumishi aliyepangiwa kusini wakati wa mvua aliagwa kama anayekwenda ng'ambo. Wengi hawakuripoti kabisa. Taasisi ya Mkapa, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Rais mstaafu aliyezaliwa Masasi, ilifanya kazi ya kuwapeleka watumishi wa afya katika wilaya za pembezoni, na hiyo ni dalili ya jinsi tatizo lilivyokuwa kubwa. Muuguzi anayewahudumia watu wa vijiji vitatu, asiye na nyumba wala mwenza wa zamu, huchoka. Na uchovu ukikaa sana hugeuka kuwa ukali. Usharika ambao haujawahi kumtembelea muuguzi wa zahanati yake ila kwa ajili ya kulalamika hauna budi kujiuliza.

Juu ya siri hotuba hii haitasema mengi, kwa kuwa sheria imekwisha kusema. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inataka upimaji uwe wa hiari na majibu yabaki siri. Lakini Mtwara ni mji ambamo habari hutangulia mtu nyumbani. Majibu yaliyosomwa saa nne asubuhi yanaweza kufika sokoni kabla ya adhuhuri bila mtu yeyote kutamka neno UKIMWI. Inatosha muuguzi kusema kwamba fulani naye sasa anakwenda chumba kile cha mwisho. Wachungaji wanaijua hatari hii, kwa sababu nao waliahidi siku ya kubarikiwa kwao kutunza siri ya ungamo. Mchungaji aliyevunja ahadi hiyo hukimbiwa na waumini. Muuguzi aliyeivunja hakimbiwi yeye peke yake: mgonjwa huikimbia dawa.

Limebaki suala la mgomo, ambalo wengine wangependelea lisitajwe katika sherehe. Mwaka 2012 madaktari wa Tanzania waligoma mara mbili. Madai yao yalihusu mishahara, posho na nyumba, na pia vifaa vya kuwatibia wagonjwa. Februari ya mwaka huo Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliwasimamisha kazi Katibu Mkuu na Mganga Mkuu wa Serikali. Mwezi Mei Waziri wa Afya na naibu wake wakaachwa nje ya Baraza la Mawaziri. Mgomo uliporudi mwezi Juni, mahakama ilikuwa imekwisha kuuzuia. Kisha kiongozi wa madaktari, Dakta Steven Ulimboka, alitekwa usiku, akateswa na kutupwa katika msitu wa Mabwepande. Nchini Kenya madaktari waligoma kwa siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017.

Kanisa haliwezi kusema kwamba daktari hana haki ya kudai. Mfanyakazi anastahili ujira wake, na kumtesa mwenye kudai ni uovu usio na utetezi. Lakini pia haliwezi kujifanya halikumwona aliyeletwa kwa machela siku ile na kukuta mlango umefungwa. Yeye hakuwa mwajiri. Hakuandika bajeti. Silaha ilielekezwa Dodoma ikampata yeye. Wapo madaktari waliogoma huku wakiacha zamu ya dharura ikifanya kazi, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko watawala walivyotaka kukiri.

Yapo mabaraza ya kuamua mambo haya. Baraza la Madaktari Tanganyika linasimama juu ya sheria ya mwaka 2017, na Baraza la Uuguzi na Ukunga juu ya sheria ya mwaka 2010. Yana uwezo wa kuonya, kusimamisha na kufuta usajili. Lakini mkulima wa korosho wa Mahurunga hajui anwani ya baraza lolote. Kwake malalamiko hupelekwa kwa mwenyekiti wa kijiji, au kwa mchungaji, au kwa Mungu.

Na washarika nao wana lao. Kuku anayepelekwa kwa mkunga baada ya mama na mtoto kurudi nyumbani ni shukrani ya kale, na hakuna sheria yenye busara itakayoichukia. Anayepelekwa kabla ni jambo jingine, na anayempeleka hujua hivyo, ndiyo maana humfunika kwa kanga. Vilevile wapo wazee wa kanisa, na wachungaji pia, ambao wakifika hospitali hawaketi kwenye benchi. Hupita moja kwa moja hadi mlangoni, hutaja cheo, huingia. Benchi linaanza na mwanamke aliyeondoka Msimbati alfajiri na mtoto mwenye homa mgongoni. Yeye hupisha, kwa adabu. Muuguzi aliyempitisha mkubwa amevunja taratibu ya kazi yake, lakini aliyemvunjisha alikuwa amevaa kola ya kichungaji.

Kila zahanati na kituo cha afya cha umma kina kamati ya usimamizi yenye wajumbe kutoka miongoni mwa wananchi, na huko ndiko habari za ghala tupu na za lugha chafu zinapopaswa kufika kwanza, mezani, mbele ya muuguzi mwenyewe akiwa na nafasi ya kujibu. Baraza la wazee la usharika huu lingeweza kuanza mwaka wake wa mia na moja kwa kuuliza ni nani anayewakilisha kijiji katika kamati hiyo, na kikao chake cha mwisho kilikaa lini.